Fundi, Nipe Spika Yangu

Hivi fundi akikwambia "njoo kesho saa nne", huwa anamaanisha kesho ya nani? Mimi nimeacha kuuliza. Leo nimekwenda kuchukua sabufa yangu, mtu mzima, shati nimechomekea, hela nimeikunja mfuko wa mbele isije ikachanganyika na ya luku, nakuta baraza la fundi limejaa kuliko msiba. Sabufa iko mezani tumbo wazi, nyaya nje, na fundi kainua bisibisi juu anahutubia. Mada: nani mpiga besi bora wa rock tangu dunia iumbwe.

Nikatoa salamu. Ikaitikiwa na mama wa chapati peke yake.

Mnanijua. Kwenye siasa nakaa kimya, mpira hata tukifungwa nacheka tu. Lakini rock ndiyo ugonjwa wangu tangu enzi za kaseti, mtaa mzima unaniita mzee wa makelele. Nikavuta stuli, nikakunja nne, nikasubiri nikaribishwe kwenye hoja kwa heshima zangu. Hakuna aliyenikaribisha.

Fundi anamtetea John Deacon wa bendi ya Queen. "Huyu ni fundi mwenzangu! Kasoma elektroniki London mpaka digrii. Kaokota saketi jalalani, kaunda amplifaya, na mpiga gitaa wao Brian May mwenyewe akairekodia gitaa. Nani mwingine mpiga besi wa namna hiyo?" Watu makofi. Akatupa na karata ya uzalendo: Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, kazaliwa Unguja mwaka 1946, kwa hiyo Deacon ni shemeji yetu. Kwa ndoa ipi, hakusema. Lakini hapo utabisha vipi bila kuonekana unachezea Muungano?

Nikakohoa kidogo, kama inavyompasa mtu mzima, nikasema wangu ni John Entwistle wa The Who. Mwaka 1965, wapiga besi wenzake wamejificha nyuma ya ngoma, yeye anapiga solo ya besi katikati ya wimbo. Pembeni yake Pete Townshend anavunja gitaa. Nyuma yake Keith Moon anapindua ngoma, na mwaka 1967 alizitegea baruti kwenye televisheni ya Marekani. Entwistle kasimama palepale kama mtu anayesubiri kuitwa dirishani, vidole tu ndivyo vinakimbia. Huyo ndiye sisi! Kila kitu kinavunjika na wewe unatakiwa usiachie nota. Nikanogewa, nikaongeza kwamba kabla ya muziki kumlipa alikuwa karani ofisi ya kodi.

Neno kodi likammaliza. Mwenye genge akaguna: "Mtu wa kodi hapati kura hapa."

Paul McCartney alipata kura moja, ya bodaboda anayetumia mkono wa kushoto. Geddy Lee wa Rush, yule Mkanada anayeimba, anapiga besi, anapiga kinanda na miguu bado inakanyaga pedali za sauti, alizuiwa na mwalimu wa shule ya jirani: "Msimsifu kwa sauti, mkuu wangu akisikia atanipa na hesabu za darasa la sita." Mzee wa kahawa akasema besi ni ya Wakongo, yaliyobaki ni radi.

Ndipo akatokea kijana na fulana nyeusi ya Metallica, ya mtumba, imepauka. "Shikamooni. Mnabishana bure, ni Cliff Burton wa Metallica." Nikataka kumkumbatia. Burton kweli alikuwa moto, besi yake ukiisikia unaapa ni gitaa la solo. Fundi akasema haya, ushahidi. Akaifunga sabufa yangu, skrubu moja ikabaki mezani (hubaki siku zote), kijana akachomeka simu na kuweka albamu ya Metallica ya 1988.

Wenye ugonjwa wangu mshajua. Burton alifariki Septemba 1986, basi lao lilipinduka Sweden. Albamu ya 1988 kapiga Jason Newsted, na wakati wa kuchanganya sauti wenyewe wakaishusha besi yake mpaka ikazikwa. Tega sikio: gitaa, ngoma, gitaa, hasira. Fundi akaweka kiganja kwenye spika, akafumba macho.

"Koili bado," akasema. Akachukua bisibisi.

"Fundi, subiri. Spika nzima. Besi haisikiki kwenye hiyo albamu."

"Mzee wangu, albamu gani haina besi?"

"Waliishusha."

"Nani?"

"Wenyewe."

"Wana mpiga besi, yupo, anapiga, halafu wanamzima?"

"Ndiyo!"

Mama wa chapati akageuza chapati yake. "Mbona mimi kwenye vikao vya ukoo nafanyiwa hivyohivyo."

Fundi akanitazama kwa ile huruma wanayowatazama nayo wateja wanaokwepa kulipa. Skrubu ya kwanza ikatoka. Nikasema weka Queen, weka huyo shemeji yako! Kijana akasema bando limekata. Langu ni la usiku. Skrubu ya pili ikatoka. Basi nikajikuta nimesimama barazani, mtu mwenye mjukuu, shati nimechomekea, naimba besi ya shemeji kwa mdomo, dum, dum, dum, ili kumthibitishia fundi kwamba besi duniani ipo. Watoto wa shule wakasimama. Mmoja akacheza.

Akabadilisha koili. Nzima kwa nzima, na hiyo mpya ninaapa ni ileile kaipangusa vumbi. Bei juu. "Vifaa vimepanda mzee, dola hiyo." Dola! Jalalani nako kumeingia dola? Si mlisema Deacon aliokota bure?

Kwenye daladala konda kaiona sabufa, kasema imekaa siti, nilipie. Nikalipia. Akapanda mama mjamzito, nikaambiwa mzee mpishe. Nikampisha. Sabufa hakuna aliyeiambia impishe mtu. Nimening'inia bombani na singeli inanitikisa mbavu, besi yenyewe ya kompyuta, hata ukitaka kubishana utamtetea nani, laptopu? Chenji nadai tangu Tabata. Konda anasema mbele, mzee, mbele. Buguruni mbele, Ilala mbele. Kufika kituoni kwangu akaanza kugonga bodi, shuka mzee, trafiki huyo! Sabufa ikapitishiwa dirishani, mimi mlangoni, chenji yangu ikaendelea na safari.