Ringi ya chuma si ushamba

Pale Mafiati, Mbeya, dereva wa Noah alimletea fundi ringi ya alumini iliyopiga shimo huko Igawa. Kwa macho ilikuwa nzima. Fundi akaipaka mafuta ya taa, akaikausha kwa tambara, kisha akaisugulia chaki ya shule. Haukupita muda, katikati ya weupe ukajichora mstari mwembamba kama unywele: mafuta yalikuwa yanarudi nje kutoka kwenye ufa.

"Tafuta ya chuma, kaka."

Dereva akacheka. Ringi za chuma si ushamba huo?

Kejeli hiyo nimeisikia hata kwa wasomi. Na hoja wanazo. Sentimita moja ya ujazo ya alumini ina gramu 2.7, ya chuma 7.85. Gari lenye magurudumu mepesi linaishika barabara vizuri na halihemi sana kupanda Kitonga. Tena alumini haiogopi baridi. Chuma kibaya ndicho hugeuka kigae kwenye baridi. Ndivyo zilivyopasuka meli za mizigo za Liberty za Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Ila fundi hakuwa anazungumzia nguvu. Alizungumzia namna ya kuvunjika. Chuma cha kawaida hurefuka kwa zaidi ya asilimia 20 kabla ya kukatika. Alumini ya kusubu, yenye silikoni ndani, mara nyingi haifiki hata 10. Kwangu mimi tofauti hiyo ni muda wa dereva. Ringi ya chuma ikipiga shimo inapinda, usukani unatetemeka, anasimama, inagongwa nyundo, safari inaendelea. Ya alumini inaweza kunyamaza na ufa wake hadi siku ya siku.

Halafu kuna uchovu wa metali. Chuma kina kiwango cha mzigo ambacho, usipokivuka, unaweza kukirudia mara mamilioni bila ufa kuanza. Alumini haina kiwango hicho: kila tuta kuanzia Iringa hadi Uyole linaandikwa kwenye daftari lake. Ndege mbili za abiria za Comet, zenye mwili wa alumini, zilizosambaratika angani mwaka 1954 zilikufa kwa deni la namna hiyo, na leo ndege hukaguliwa nyufa kwa ratiba.

Metali yenyewe haina kosa. Beriliamu ni tete kuliko alumini, na bado ndiyo iliyotengenezewa vioo vya darubini ya anga za juu ya James Webb, iliyorushwa mwaka 2021. Lakini huko hakuna matuta. Metali ya aina hii inadai mtu wa kuutafuta ufa kabla haujakua, na kati ya Makambako na Mbeya mtu huyo ni fundi mwenye chaki.

Dereva aliuliza kama inaweza kuchomelewa. Inaweza, ila moto huo hufuta ugumu uliopikwa kiwandani, na ufa wa pili huanzia pembeni mwa mshono. Fundi hakueleza yote hayo. Alichora alama kubwa ya mkasi juu ya ringi kwa chaki ileile, akaitupa kwenye skrepa.