Yai la chini ya kitanda cha baba mkwe

Mwenzenu nina kaugonjwa ka kusokota waya. Natengeneza hereni, bangili, pete, vidani, vyote vya kopa, yaani shaba nyekundu, na karakana yangu ni chumba cha wageni, maana wageni wenyewe kwetu huwa hawaji. Kilichonipata mwezi uliopita nimekaa nacho rohoni mpaka nimeona bora nikitoe tu tucheke wote kuliko kuendelea kucheka peke yangu jikoni kama mwehu.

Ujue kwanza hii kazi imenitoa jasho tangu siku ya kwanza. Geji za waya, zile namba za unene wake, kwa mfano. Mimi akili yangu ilinituma kwamba namba kubwa ndo waya mnene, si ndo inavyokuwa kwenye viatu? Kumbe ni kinyume chake. Nikaagiza geji 26 ya kutengenezea bangili, ukaja waya wa milimita 0.4, laini kama unywele wa mtoto mchanga, bangili ukiivaa inabonyea ukipiga chafya. Nikakasirika nikaagiza geji 12, hiyo ni milimita mbili kamili, nikapambana nayo na plaizi mpaka plaizi ikaponyoka ikanipiga kidevuni, wiki nzima nikawa nawaambia watu nimegonga kabati. Hereni zangu za kwanza kulabu nilizikata kwenye geji 18, dada yangu akazivaa kwa upendo huku machozi yanamtoka. Siku hizi najua kulabu ni geji 20, shanga nazungushia 24, na kile kipande cha mwisho ukikikata ukiweke kidole juu, la sivyo kinaruka kama risasi na utakiona tena siku kikikuingia kwenye kisigino.

Sasa wifi yangu akaniagiza seti, hereni na bangili. Ila akasema hataki kopa ile inayong'aa kama sarafu mpya, anataka ionekane ya kizamani, kama imefukuliwa mahali. Nikamwambia wifi ondoa shaka.

Njia ipo na ni rahisi ajabu, unatumia yai. Unalichemsha mpaka lipitilize, dakika 15 au zaidi, unaliponda likiwa bado la moto na maganda yake, unaliweka kwenye kontena la plastiki pamoja na vitu vyako vya kopa, ila visigusane na yai, mimi nilivipandisha juu ya kifuniko cha chupa. Unafunga. Yai linatoa gesi yenye salfa, ile ile inayofanya lililooza linuke, na hiyo gesi ikikutana na kopa inaibadilisha rangi. Inaanza kuwa kama asali, inaenda kahawia, inapita kwenye kazambarau fulani kazuri mno, mwisho inakuwa nyeusi. Unachungulia kila baada ya muda, ikifika unapotaka unatoa, unasugua kidogo na stilwaya ya sufuria, pale palipoinuka panarudi kung'aa na kwenye mikunjo panabaki giza. Kazi ya saa chache. Nusu siku kama huna haraka.

Basi nimeshafunga kontena langu, lile lenye kifuniko cha bluu kilichopinda upande mmoja kwa maji ya moto, simu inaita, mume wangu. "Mama, Baba yuko njiani, nusu saa hivi atakuwa ameshafika." Baba gani? Baba yake! Baba mkwe wangu! Ambaye mara ya mwisho kulala kwetu mtoto wetu alikuwa bado anatambaa.

Jamani niliruka. Shanga ndani ya soksi, plaizi ndani ya foronya, makoili ya waya nyuma ya pazia, nikafagia vipande vya waya nikimuomba Mungu visimchome mzee wa watu, shuka mpya kitandani, na vile vilivyobaki sakafuni nikavisukuma kwa mguu chini ya kitanda mpaka ukutani, nikavizibia na sanduku. Mzee anaingia mlangoni mimi nimepiga magoti, shikamoo Baba, karibu sana, huku jasho linanitiririka, na yeye anasema marahaba mwanangu, mbona unahema?

Yai likafutika kichwani kabisa. Wala sidanganyi.

Siku ya kwanza tulikaa vizuri, tulikula, tulicheka. Siku ya pili asubuhi naenda kutandika kitanda, kufungua mlango tu, nikarudi nyuma hatua mbili. Nikasimama koridoni nikawaza. Mzee yuko nje na gazeti, kichwa cheupe, heshima tele, mtu ambaye hata akikohoa anaomba radhi. Nikafungua dirisha, nikatandika nimeziba pumzi, nikatoka kimya kimya. Utasema nini hapo?

Usiku nikamnong'oneza mume wangu. "Kile chumba kina hewa nzito."

"Unamsema baba yangu?"

"Sijamsema mtu, nimesema chumba."

Akanigeuzia mgongo. Kesho yake harufu ikatoka chumbani, ikaingia koridoni, ikawa inatusalimia sebuleni. Tukawa familia moja yenye adabu isiyo ya kawaida, hakuna anayevuta pumzi kwa nguvu, hakuna anayemtazama mwenzake. Mzee naye akaanza kubadilika, akifika mezani usiku anasema tumbo limejaa, anaomba maji ya moto tu, halafu anaenda kuzunguka nyumba peke yake gizani. Na kila akiingia chumbani namsikia anafungua dirisha.

Aliyevunja ukimya ni mwanangu wa miaka sita. Tumekaa sebuleni, katikati ya taarifa ya habari, akauliza kwa sauti ya wazi kabisa, "Babu, mbona chumba chako kinanuka?"

Nilimfinya nikidhani nimefinya paja lake kumbe la mume wangu. Mzee akaangalia chini, akasema taratibu, "Ni uzee, mjukuu wangu."

Mnaelewa nilivyojisikia? Na bado sikukumbuka yai!

Mume wangu kwa aibu akaamua tatizo ni gesi ya jikoni. Na kwa kweli hakukosea sana, maana gesi yenyewe haina harufu, ile tunayoisikia wanaitia makusudi, nayo ni kitu cha familia ya salfa, ili ikivuja ujue. Akapaka povu la sabuni kuanzia kwenye mtungi mpaka kwenye jiko, akachuchumaa pale na tochi robo saa akisubiri lipige mapovu, halikupiga. Basi akasimama, akatangaza kama daktari, "Ni panya. Amekufa ndani ya nyumba. Na tunamtafuta usiku huu huu."

Saa tano usiku tuko chumba cha mzee, yeye mwenyewe kasimama mlangoni na msuli wake, mume wangu na tochi, mimi na ufagio, mtoto ndo kaamka anashangilia. Wakasogeza kabati, hakuna. Nyuma ya pazia wakakuta makoili ya waya, mume wangu akaniangalia, nikaangalia dari. Halafu akainama akavuta sanduku.

Tochi ikamulika kifuniko cha bluu.

Moyo wangu ulidondoka, nadhani ulipita hata chini ya kitanda. Nikasema, "Acha hiyo, hiyo ni yangu," nikajitupa sakafuni kama golikipa, nikalivuta, sasa kile kifuniko kilichopinda si kikafunguka chote. Siwezi kuwaelezea. Mtoto alikimbia. Mume wangu alitoa neno ambalo sijawahi kumsikia akilitamka mbele ya baba yake. Na mimi, sijui ni shetani gani, nikatumbukiza mkono nikatoa hereni, nikazisogeza kwenye tochi, nikasema, "Mungu wangu, zimepitiliza!"

Na kweli zilikuwa zimepitiliza, nyeusi tii kama mkaa, ukigusa inabanduka kama ngozi iliyoungua. Bangili ilikuwa imeteleza ikalala kwenye kiini, ina mabaka upande mmoja.

Ikabidi nieleze. Nimepiga magoti, mkono mmoja hereni, mwingine yai la siku tatu, namweleza baba mkwe mambo ya salfa na kopa na wifi anayetaka vitu vya kizamani. Mume wangu kaziba pua anasema, "Kwa hiyo ulimwekea Baba yai."

Mzee hakusema kitu muda mrefu. Halafu akauliza, pole pole kama hakimu, "Mwanangu, hebu subiri. Hii harufu yote, ni ya hilo yai?"

"Ndiyo, Baba. Nisamehe sana, Baba."

"Siyo mimi?"

Hapo nyumba nzima ikanyamaza. Kumbe mzee siku zote hizo alijua ni yeye! Anaamka usiku ananusa shuka, ananusa kanzu, ananusa viatu, akaona basi, ndani pameharibika, ndo maana akaacha kula. Alikaa kitandani akacheka mpaka msuli ukataka kufunguka, akashika mbavu, akauliza kile chakula cha jioni kama kimebaki.

Nikapasha. Akala sahani mbili saa sita usiku, na mume wangu naye ghafla njaa ikamshika. Kwenye sahani ya tatu mzee akasimamisha kijiko hewani, uso ukabadilika.

"Kuna nini tena, Baba?"

Akasema jana jioni alimpigia simu mama mkwe akamwambia hali yake siyo nzuri, na kwamba kama lolote likitokea, hati za shamba ziko ndani ya godoro. Mama naye akalia, akafunga mizigo, na alfajiri anapanda basi, anakuja kumuuguza.

Nikaenda kuondoa plaizi kwenye foronya.