Kisanduku cha siri na dhamiri ya mkusanya midoli

Mei 2025 kampuni ya Kichina ya Pop Mart ilisitisha kuuza midoli ya Labubu katika maduka yake yote ya Uingereza, kwa kuwa wanunuzi walikuwa wakipigana wakiigombania. Mwezi uliofuata, Labubu yenye kimo cha sentimita 131 ilinunuliwa mnadani Beijing kwa yuan milioni 1.08. Waliosikia walihukumu papo hapo: watu wazima wamerukwa na akili, pesa wanazimalizia kwenye vitu vya watoto. Siikubali hukumu hiyo, ingawa kuna jambo katika ukusanyaji wa aina hii linalonisumbua sana.

Nianze na utetezi, maana upo na una uzito. Mtu aliyekwisha kulipa kodi ya nyumba na ada ya watoto ana haki ya kujifurahisha kwa jasho lake. Anayenunua kila toleo la mdoli anaoupenda hana tofauti na shabiki anayenunua jezi mpya ya Arsenal kila msimu, na mwenye jezi hakuna anayemwita mtoto. Isitoshe, nyuma ya midoli hii kuna wasanii. Labubu ni kazi ya Kasing Lung, mzaliwa wa Hong Kong aliyekulia Uholanzi, na ilionekana kwanza mwaka 2015 katika vitabu vya picha vilivyochota kwenye ngano za Ulaya Kaskazini. Bila watu wazima walio tayari kulipia mdoli kama wanavyolipia mchoro, sanaa ya namna hii isingekuwa na soko.

Kinachonisumbua ni namna midoli hii inavyouzwa. Labubu nyingi huuzwa ndani ya kisanduku kilichofungwa. Unalipa kwanza, ndipo ujue umepata ipi. Toleo moja la mwaka 2025 lina midoli sita ya kawaida na mmoja wa siri, ambao uwezekano wake ni 1 kati ya 72. Bei ya kisanduku kimoja China ni yuan 99. Anayenunua kimoja kimoja, hapa na pale, hadi kufikisha 72 atakuwa ametumia yuan 7,128, karibu dola 1,000, na bado uwezekano wa kuukosa ule wa siri unazidi theluthi moja. Hesabu hiyo tunaifahamu: ni ya kamari.

Madhara yake yamekwisha kuonekana. Januari 2022, KFC ya China ilitoa midoli ya Pop Mart katika visanduku vya siri pamoja na milo yake. Mteja mmoja alitumia yuan 10,494 kununua milo 106 kwa mkupuo. Wengine walilipa watu wawalie chakula ili wao wabaki na midoli, na kingine kikatupwa. Chama cha walaji cha China kilitaka kampeni hiyo isusiwe, na kilikuwa na haki. Chakula kilichogeuzwa gamba la kuvua na kutupa hakiwezi kutetewa kwa hoja ya uhuru wa mnunuzi.

Watetezi hujibu kwamba mchezo wa bahati si mpya. Japani imekuwa na mashine zinazouza midoli ndani ya vidonge vya plastiki tangu miaka ya 1960, na watoto wa nchi nyingi wamenunua bahasha za picha za wachezaji bila kujua ndani yumo nani. Tena asiyetaka kubahatisha anaweza kununua boksi zima la visanduku sita, akapata midoli sita isiyorudiwa. Hoja hizi ni za kweli, lakini zinaruka jambo moja. Picha mbili za mchezaji mmoja zilibadilishwa shuleni, nipe wako nikupe wangu, na hasara ikaishia hapo. Mdoli wa siri una bei ya ulanguzi inayojulikana kabla kisanduku hakijafunguliwa. Bei hiyo ndiyo inayogeuza mshangao kuwa dau, na anayeishikilia ni mkusanyaji mwenyewe kila anapomlipa mlanguzi mara tano ya bei ya dukani. Hapo hawezi kusema yeye ni mteja tu.

Kuna na la viwandani, ambalo wakusanyaji hulizungumza kidogo mno. Mei 10, 1993, kiwanda cha midoli cha Kader, nje ya Bangkok, kiliungua na kuua watu 188, wengi wao wasichana, milango ikiwa imefungwa na ngazi zikiporomoka. Anayesaka midoli ya miaka ile hukagua lebo ya nchi ilikotengenezwa ili asiuziwe feki. Laiti angeuliza pia ni nani aliyeishona.

Kwa watoto ndipo sina subira. Mwaka 2023 China ilipiga marufuku kuwauzia visanduku vya siri walio chini ya miaka 8, na watoto waliozidi hapo wanahitaji ridhaa ya mzazi. Ni sheria nzuri, ila hupitwa pembeni na mtu mzima anayejirekodi akifungua kisanduku baada ya kisanduku, huku mtoto wa miaka sita akitazama kwenye simu ya mama. Kenya ilisitisha matangazo ya kamari kwa siku 30 mwezi Aprili 2025 kwa kuhofia vijana. Sioni kwa nini video hizi zisitazamwe kwa jicho hilohilo.

Ningependa kampuni zilazimishwe kuuza kila mdoli, ukiwemo ule wa siri, katika kisanduku cha wazi pia, kwa bei ileile. Anayependa mshangao angeendelea kuuchagua. Watasema faida itashuka, na huenda ikashuka kweli. Lakini sehemu itakayopotea ni ile iliyokuwa ikitoka kwa watu waliokuwa wakinunua mdoli wasioutaka.