Chaja ya Nyumbani na Zile Sekunde 600

Katika masharti yote ambayo Uingereza imeyawekea chaja za magari ya umeme, lililo rahisi kuchekwa ni lile la sekunde 600. Chaja janja ya nyumbani, yaani inayopokea amri kwa intaneti, iliyouzwa huko tangu Juni 30, 2022, ikiamriwa ianze kuchaji, haitii papo hapo. Inajichagulia muda kwa kubahatisha, popote kati ya sifuri na dakika 10, ndipo inawaka. Mwenye haraka anaruhusiwa kuifuta subira hiyo kwa mara moja. Asiyejua hilo anabaki amesimama uani, simu mkononi, akidhani kauziwa kitu kibovu.

Desemba 30 mwaka huohuo yakaanza kutumika masharti ya usalama wa kimtandao. Kila chaja iwe na nywila yake peke yake, mawasiliano yake yasimbwe asiyehusika asiyasome, programu yake ijikague kila inapowashwa isije ikawa imechezewa, na kifuniko kikifunguliwa mwenye chaja ajulishwe. Anayeuza isiyotimiza hayo anaweza kupigwa faini ya hadi pauni 10,000 kwa kila chaja moja.

Wakosoaji wana la kusema, na si la kupuuzwa. Masharti ni gharama, na gharama huishia kwa mnunuzi. Tena wanauliza: huo udukuzi wa kutisha uko wapi? Visa vinavyojulikana vingi ni vya kuchekesha au vya kuudhi tu. Aprili 2022, chaja za halmashauri ya Isle of Wight, kisiwa cha Uingereza, zilikutwa zikionyesha tovuti ya ngono kwenye vioo vyake. Februari ya mwaka huo, chaja za barabara kuu ya M11 kati ya Moscow na Saint Petersburg ziliacha kuchaji zikaanza kumtukana Putin. Nyumba ya nani iliungua? Mji gani ulizimika?

Kweli, hakuna. Ila huo mkasa wa M11 unasomwa nusunusu. Hakuna aliyepita kutoka chaja hadi chaja na bisibisi. Rosseti, wenye chaja hizo, walieleza kwamba vifaa vyake vya ndani vilitoka kwa kampuni ya Ukraine, iliyojiachia njia ya kuingia kwa mbali. Kwa maelezo yao, aliyetengeneza vifaa hivyo ndiye aliyezizima chaja, kwa mbali.

Hapo ndipo mjadala huu unapopotea njia. Tukisikia chaja imedukuliwa, tunamwaza mwizi wa umeme wa jirani, au mtu anayekuzimia chaja usiku ili uchelewe kazini. Maudhi hayo yapo, lakini hakuna serikali ambayo ingetunga kanuni kwa ajili yake. Chaja moja ya kilowati 7 si kitu kwa gridi ya taifa. Hofu ni nyingi zikiwaka kwa sekunde moja.

Wala haihitaji mhalifu. Kuna mpango wa bei nafuu wa umeme Uingereza unaoanza saa sita na nusu usiku. Maelfu ya watu wamepanga magari yao yaanze kuchaji dakika hiyohiyo, na saa za siku hizi hazipishani hata sekunde. Gridi huko huishi kwenye masafa ya hezi 50, yaani umeme wake hupiga mawimbi 50 kila sekunde. Mzigo ukipanda ghafla kuliko mitambo inavyoweza kuufuata, masafa hushuka, na yakishuka mno vituo vya kugawa umeme huanza kukata wateja ili kuokoa vilivyobaki. Msomaji wa Nairobi aliyekumbwa na giza la Agosti 25, 2023 hahitaji kusimuliwa gridi ikianguka inakuwaje.

Waingereza walionjeshwa hayo Ijumaa ya Agosti 9, 2019. Radi ilipiga laini ya umeme, na karibu kwa pamoja mtambo wa gesi wa Little Barford na mashamba ya upepo ya Hornsea yakapunguza uzalishaji. Masafa yalishuka hadi hezi 48.8, na wateja zaidi ya milioni 1 wakakatiwa. Umeme wenyewe ulirudi ndani ya saa moja. Kilichochelewa ni treni: baadhi zilijifunga kwa programu zake zenyewe, zikasubiri fundi aje na kompyuta kuziamsha, abiria wakiwa ndani.

Akiba ya dharura siku hiyo, yaani umeme wa ziada uliowekwa tayari kuziba pengo la ghafla, ilikuwa megawati 1,000. Zigawe kwa kilowati 7: chaja kama 143,000 zikiwaka pamoja zinaimaliza. Kufikia Januari 2024, nchi hiyo ilikuwa imesajili gari lake la umeme la milioni 1. Najua si kila gari liko kwenye waya kwa wakati mmoja, najua akiba imeongezwa tangu siku ile, na najua chaja hizo ni za kampuni nyingi, si moja. Hata hivyo ukizipa chaja hizo 143,000 ile subira ya kubahatisha, haziwaki pamoja tena. Zinawaka kama 240 kila sekunde, yaani chini ya megawati 2 kwa sekunde. Mzigo wa namna hiyo gridi inauona ukija.

Sasa, subira hiyo inakaa ndani ya programu ya chaja, na anayeiteka programu anaifuta. Kwa hiyo masharti ya Juni bila yale ya Desemba ni kazi bure. Julai 2021 wapimaji wa usalama wa kimtandao wa kampuni ya Pen Test Partners walitangaza matokeo ya kuchunguza chapa 6 za chaja za nyumbani. Katika chapa ya Project EV, seva, yaani kompyuta ya kampuni inayozituma amri chaja, haikuwa ikihakikisha ni nani anayetoa amri. Chapa nyingine zilibeba ndani kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, ileile wanayojifunzia wanafunzi, isiyo na njia ya kuhakikisha inawashwa na programu halali. Na Januari 2024, kwenye mashindano ya udukuzi ya Pwn2Own jijini Tokyo, ambako chaja za nyumbani zilikuwa miongoni mwa shabaha, wadukuzi walionyesha kasoro mpya 49 katika vifaa vya magari wakaondoka na zaidi ya dola milioni 1.3. Hao wanalipwa ili waseme.

Hoja ya wakosoaji inayonisumbua ni nyingine: kwa nini chaja iwe na intaneti kabisa? Oktoba 2024 kampuni ya Enel X Way ilitangaza kufunga shughuli zake Marekani ndani ya siku chache, na walionunua chaja zake za JuiceBox wakaambiwa programu zake hazitahudumiwa tena. Kifaa kizima ukutani, mwenye seva kaondoka. Chaja bubu isingekuwa na mkasa huo. Lakini chaja bubu huchaji pale mtu anaporudi kazini na kuchomeka, saa kumi na mbili jioni, wakati kila jiko limewashwa. Kwa hilo Waingereza wamejaribu njia ya kati: chaja ikipoteza mtandao, lazima iendelee kuweza kuchaji.

Kisichotatuliwa ni zile za zamani. Chaja ya Copper SB ya kampuni ya Wallbox ilikutwa haijatimiza masharti ya usalama, na kampuni ikapewa hadi Juni 30, 2024 kuacha kuiuza. Zilizokwisha kuuzwa hazikurudishwa dukani. Ziko ukutani, nazo zinapokea amri kutoka mbali kama zilivyokuwa zikipokea siku zote.