Baba, Twende Tukaone Maua

Mimi nimekata mawaridi Naivasha miaka kumi na minane. Nikifumba macho naona waridi. Mgongo ukiniuma, najua ni waridi. Sasa nimekaa angani saa nane, nimebanwa katikati ya majitu mawili yanayokoroma, nije kumwona binti yangu Uholanzi, na Jumamosi ya kwanza tu ananiambia, “Baba, vaa viatu, twende tukaone maua.”

Nikangoja acheke. Hakucheka.

Tukaenda Lisse, kwenye bustani iitwayo Keukenhof. Mkwe wangu, kijana wa hukohuko, akanieleza kwamba jina hilo maana yake ni bustani ya jikoni, kwa sababu karne ya 15 ndiko kulikotoka mboga za jumba la mama mmoja mtawala, Jacoba. Hapo nikachangamka kidogo. Jamani, nimezunguka hekta 32, sikuona sukuma wiki. Hata dania!

Ni tulipu tu, nyekundu, njano, nyingine nyeusi kama biringanya. Vitunguu vya kuotesha maua ya bustani nzima ni karibu milioni saba, vinapandwa kwa mkono kila mwaka kabla ya baridi kali, tabaka juu ya tabaka, ili haya yakinyauka mengine yatokee chini yake. Bustani inafunguliwa wiki nane hivi, basi. Nikamwuliza mkwe, “Milioni saba, nani anainama?” Akacheka sana. Mimi nilikuwa nauliza.

Akaongeza kwamba katika ile njaa ya 1944, wakati wa vita, wazee wao walivipika vitunguu vya tulipu wakavila. Hao ndio Waholanzi pekee niliowaelewa siku hiyo.

Na baridi je? Ati majira ya kuchipua! Jua lipo, lakini linawaka kama taa ya friji. Nimevikwa koti la mkwe, linanifika magotini, halafu kila hatua nne nasimamishwa. “Baba, simama hapo. Baba, tabasamu. Baba, usishike!” Mkono ulishaenda wenyewe kwenye kikonyo, unapima urefu, unatafuta pa kukatia. Mama mmoja aliyekuwa kando akaniangalia kama mwizi wa kuku.

Jioni, kituo cha treni, duka dogo la maua. Ndani ya ndoo kuna mawaridi mekundu, yamefungwa kumikumi, na kibandiko: Kenya. Nusura niyaamkie. Nikainua fungu moja, nikakagua vikonyo. Aliyekata alikuwa na haraka ya basi la jioni, hilo halinidanganyi. Binti akanigeuzia bei kwa shilingi, nikatafuta pa kukaa.

Mkwe, moyo wake mweupe, akayanunua. “Zawadi yako, Baba.”

Basi nikarudi nimeyapakata kwenye treni kama mtoto wa jirani. Simu ikalia. Mama watoto, kutoka Naivasha.

“Haya, utaniletea nini?”

Nikayatazama.

“Maua.”

Akakata simu.