Sanamu za Taka: Hoja ya Mazingira Haitoshi

Sanamu ya vyuma chakavu au plastiki inapowekwa ukumbini, sifa inayotangulia kutajwa ni kwamba imepunguza taka. Wanaoisifu hivyo hawakosi sababu, kwani mtu anayepita jaani bila kugeuza shingo husimama mbele ya kizibo kilekile cha chupa alichokipuuza akikikuta kimeunganishwa na maelfu ya vingine. Hata hivyo, taka zinazoingia katika sanamu ni chache mno zikilinganishwa na zinazotupwa kila siku, na wakosoaji huongeza kwamba taka iliyopendezeshwa humtuliza mtazamaji badala ya kumshtua. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa, ila wanachokibomoa ni hoja ya mazingira, si sanaa yenyewe.

Tutazame Kiti cha Enzi cha Silaha, alichokiunda Cristóvão Canhavato wa Msumbiji mwaka 2001 kwa vipande vya bunduki zilizosalimishwa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokwisha mwaka 1992. Mradi wa makanisa ulizikusanya silaha hizo na kuwapa wananchi badala yake zana za kazi, zikiwamo cherehani na baiskeli. Juu ya egemeo la kiti hicho, kilichopo leo katika jumba la makumbusho la British Museum, London, matundu ya skrubu na mwanya wa mkanda katika kitako cha bunduki hufanana na uso unaotabasamu, ilhali hakuna aliyeuchonga. Nani angeupata uso huo katika shaba mpya? Msanii El Anatsui wa Ghana naye, aliyetunukiwa tuzo ya Simba wa Dhahabu katika maonyesho ya sanaa ya Venice mwaka 2015, hubonda vizibo vya chupa za pombe na kuvifuma kwa waya wa shaba hadi vikaanguka ukutani kama kitambaa kizito. Lakini ukisogea karibu, majina ya pombe bado yanasomeka, na pombe hiyo ina historia ndefu katika biashara ya Wazungu na Afrika, ile ya watumwa ikiwamo.

Ndiyo maana siridhiki na sanamu iliyopakwa rangi nzito kiasi kwamba chupa haijulikani tena kuwa ilikuwa chupa. Hapo taka imetumika kama udongo wa bei nafuu tu. Tatizo gumu zaidi ni uhifadhi, kwa kuwa plastiki hukakamaa na kupasuka kwa mwanga, na chuma huliwa na kutu. Kubadilisha kipande kilichooza kwa kipya kungeiokoa sanamu kwa macho, lakini kipande hicho kipya hakijawahi kushikwa na askari wala kufunga chupa ya mtu yeyote.