Krispi ya kukatwa na krispi ya kukandwa: ubishi wa ushuru wa vitafunwa Kigoma

Shemeji yangu ana duka Mwanga, mtaa wa hapa Kigoma mjini, na maboksi yake yalipofika bandarini Kigoma kutoka Mpulungu alikuwa yuko tayari kulipa, ubishi ulikuwa ni jina la mzigo. Invoisi aliyopewa kule Zambia ilikuwa na mstari mmoja tu, "vitafunwa mchanganyiko", wakati ndani kuna krispi za kopo, kuna zile za mahindi zilizovimbishwa ambazo watoto wanazipenda sana, na kuna karanga za kukaanga zenye chumvi. Ofisa wa forodha akasema hivi haviwezi kuingia namba moja ya ushuru, wakala wetu wa forodha akang'ang'ania vinaingia, mzigo ukalala siku nne. Kibirizi kwenye gati la boti na Manyovu mpakani na Burundi nimesikia visa vya hivi mpaka nimechoka, na kila mara wafanyabiashara wanasema forodha wanatafuta sababu na vitafunwa vyote vilipe kiwango kimoja, forodha wanasema wafanyabiashara wanaficha. Mi naona wanaongea vitu viwili tofauti kabisa.

Ngoja nieleze kwanza hizi namba maana wengi wanazibishia bila kuzijua. Mfumo wa HS, yaani orodha ya namba za kupanga bidhaa zinazovuka mipaka, ulianza kutumika 1988, unasimamiwa na Shirika la Forodha Duniani lililoko Brussels, tarakimu sita za mwanzo ni zile zile kwa nchi zote zinazoutumia, sisi Afrika Mashariki tunaongeza mbili zinakuwa nane. Sasa namba haiangalii paketi imeandikwa nini, inaangalia kitu kimetengenezwa kwa nini na kwa njia gani. Kiazi kikikatwa slaisi kikakaangwa kinaenda 2005, kwenye mboga zilizosindikwa. Unga wa kiazi ukikandwa, ukapewa umbo, ukakaangwa, unaenda 1905, jirani na biskuti na mkate. Mdomoni ni krispi zote. Zile za mahindi ndo balaa zaidi, punje ikivimbishwa kwa moto halafu ikanyunyiziwa ladha ni 1904, ila ukianza na donge la unga ukalikaanga kwenye mafuta unarudi 1905. Karanga mbichi 1202, ukizikaanga tu zinahamia 2008. Hata chokoleti ina mambo yake, wefa iliyofunikwa chokoleti yote inabaki 1905, lakini nafaka iliyovimbishwa ikifunikwa chokoleti yote inahama kabisa, inakwenda 1806.

Uingereza walifika mpaka mahakamani kwa krispi ya kopo. Kampuni ya Pringles ilidai bidhaa yake ina kiazi kama asilimia 42 tu kwa hiyo isihesabiwe krispi ya viazi, na 2009 Mahakama ya Rufaa ikaikatalia. Ila ile ilikuwa kesi ya VAT, sheria yao iliruhusu kuuliza mtu wa kawaida angeionaje. Forodha haiulizi hivyo. Kitu kile kile kwa jicho la mnunuzi ni krispi na kwa namba ni unga uliokandwa, na hapo ndo mfanyabiashara wa Kigoma anapoona kama anaonewa, kwa sababu yeye anafikiri kama mnunuzi.

Na hana kosa kufikiri hivyo. Atajuaje kiwanda kilikata au kilikanda? Yeye kanunua kwa jumla, kapakia boti, kashuka. Halafu gharama ya kukosea sio ndogo. Toka Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki iliongeza daraja la nne la ushuru, la asilimia 35, juu ya yale ya 0, 10 na 25, na vitu vya jamii ya sukari na pipi vimo humo. Chukua mzigo wa milioni 10. Ushuru wa 25 ni milioni 2.5, VAT ya 18 inapigwa juu ya 12.5 inakuwa milioni 2.25, jumla 4.75. Ukihamishwa kwenye 35 unalipa 3.5 na VAT 2.43, jumla 5.93. Tofauti ni milioni 1 na laki 1 na 80 elfu kabla ya tozo nyingine ndogo ndogo, na kwa mtu wa duka la Mwanga hiyo ni faida yote imeondoka. Kwa hiyo wafanyabiashara wanaposema vitafunwa vyote viwekewe kiwango kimoja nawaelewa sana.

Ila siwaungi mkono moja kwa moja. Ukisema karanga mbichi na karanga iliyokaangwa zilipe sawa, yule mama anayenunua mbichi akaanga na kupaki hapa hapa mjini umemuua, maana kazi yake yote iko kwenye ile tofauti ya 1202 na 2008. Pia namba sio ya kulipia tu. Hata mzigo unaokuja na cheti cha uasili kutoka Burundi au Kongo, ambayo iliingia Jumuiya 2022, unaangaliwa namba, kwa sababu bidhaa nyingi zinahesabika za nchi fulani pale malighafi ilipobadilika kutoka namba moja kwenda nyingine. Na mizigo inayopita hapa kwenda Kalemie au Uvira kule Kongo bila kulipa ushuru, dhamana yake inakadiriwa kwa ushuru ambao ungelipwa, kwa hiyo namba ikikosewa dhamana nayo inakosewa.

Halafu Tanzania peke yake haiwezi kuzifuta hizo namba. Kinachoweza kubadilika ni asilimia, na asilimia zinapangwa na nchi zote za Jumuiya kwa pamoja. Kama kuna kitu cha kudai, tudai kwamba pale krispi ya kukatwa na ya kukandwa zinapotofautiana kiwango zisawazishwe, ila mbichi na iliyosindikwa zibaki mbali mbali.

Ninapowalaumu forodha ni kwenye kueleza sababu. Ofisa alikuwa sahihi, mzigo ulikuwa wa namba tatu tofauti, lakini zile siku nne hakuna karatasi hata moja iliyomwambia shemeji ni kwa nini, aliambiwa kwa mdomo na kila zamu ikasema lake. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya 2004 inampa mtu siku 30 kuomba uamuzi uangaliwe upya, sasa unaombaje kama sababu hujaandikiwa? Na mkataba wa Shirika la Biashara Duniani (WTO) wa kurahisisha biashara, ulioanza 2017, unataka mtu akiuliza namba kabla ya kuagiza ajibiwe kwa maandishi. Huu utaratibu wapo wengi Kibirizi hawajawahi kuusikia, na mawakala wanaolipwa kuujua hawawaambii.

Shemeji sahivi kabla hajalipa anamwomba muuzaji wa Mpulungu ampigie picha nyuma ya paketi, palipoandikwa viambato. Akikuta "viazi, mafuta, chumvi" anajua imekatwa, akikuta viazi vya kukaushwa pamoja na wanga na unga wa ngano anajua imekandwa, na invoisi anataka iwe mistari mitatu.